Nyoka wa Dola 7,500

Mwaka 1992, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, mfugaji aitwaye Bob Clark alipata watoto wa chatu weupe wenye madoa ya njano na macho mekundu. Kila mmoja alimuuza dola 7,500. Mwaka huohuo kilo moja ya kahawa ya robusta iliyokobolewa haikufika dola moja katika soko la dunia, kwa sababu mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ulikuwa umevunjika mwaka 1989. Kule Rubafu, kaskazini mwa mji wa Bukoba, ambako mibuni na migomba huteremka hadi karibu na maji ya Ziwa Victoria, mkulima angehitaji tani nane hivi za kahawa safi ili afikie thamani ya mtoto mmoja wa nyoka anayeenea kiganjani. Tani nane ni mavuno ya watu wengi sana.

Historia ya bei hizo husimuliwa kana kwamba ni mambo ya Marekani na Ulaya peke yake, starehe ya watu wenye chumba cha ziada na pesa ya ziada. Lakini ukoo wa chatu yule ulitoka Afrika, kama walivyotoka Afrika vinyonga, kobe na nyoka wengi waliojaza maduka ya wanyama ya Ulaya katika miaka hamsini iliyopita. Tanzania ilikuwa miongoni mwa wauzaji. Nataka tuone jinsi bei ilivyozaliwa, ilivyopanda na ilivyoanguka, na kwa nini katika kila hatua mtu aliyemshika nyoka porini ndiye aliyeambulia kidogo kuliko wote.

Chatu asiyeuzwa: Buddu, kabla ya 1900

Ukiambaa na ufuko kutoka Rubafu kwenda kaskazini, ukavuka Mto Kagera unapomwaga maji yake ziwani, unafika Buddu, sehemu ya Buganda inayopakana na nchi ya Wahaya. John Roscoe, mmisionari Mwingereza aliyeishi Buganda miaka mingi na kuchapisha kitabu chake The Baganda mwaka 1911, aliandika habari za hekalu la Selwanga lililokuwa Bulonge, huko Buddu, karibu na ziwa. Ndani ya msonge mkubwa uliojengwa kwa ustadi aliishi chatu. Mwanamke aliyewekwa kwa kazi hiyo alimnywesha maziwa ya ng'ombe wa hekalu kutoka kwenye bakuli la mti. Watu walifika kutoka mbali kuomba watoto, na walileta sadaka.

Chatu yule alikuwa na thamani kubwa, lakini hakuwa na bei. Hakuna aliyeweza kumnunua akaenda naye nyumbani, kwa kuwa thamani yake ilitoka kwa ukoo uliomtunza, hekalu lililomhifadhi na imani iliyowaleta watu. Kusini mwa ziwa, kwa Wasukuma, mambo yalikuwa na sura nyingine. Huko palikuwa na chama cha Bagoyangi, wacheza nyoka, ambao waliwashika nyoka wenye sumu, wakawacheza ngomani na kutibu walioumwa. Mtu hakujifunza kazi hiyo kwa kutazama. Aliingia chamani, akafundishwa dawa hatua kwa hatua. Hapo pia pesa au mbuzi vilipotolewa, kilicholipiwa kilikuwa ujuzi wa aliyemshika nyoka.

Hilo tulikumbuke, maana karne moja baadaye wafugaji wa Marekani watatajirika kwa kuuza ujuzi, huku aliyebaki porini akilipwa kwa ajili ya mnyama tu.

1890–1924: nyoka ndani ya chupa

Kituo cha Bukoba kilianzishwa Novemba 1890 na Emin Pasha, daktari aliyekuwa akiitumikia Ujerumani. Alikuwa pia mkusanyaji wa wanyama asiyechoka. Pamoja naye alikuwepo Franz Stuhlmann, naye mkusanyaji, na shehena zao za ndege, wanyama na vitambaazi zilikwenda Berlin. Mwaka 1896 Gustav Tornier alichapisha kitabu kizima kuhusu vitambaazi vya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na msingi wake ulikuwa mizigo ya aina hiyo iliyobebwa kichwani na wapagazi hadi pwani.

Mwaka 1903 kobe bapa, mwenye gamba laini linalomwezesha kujibana ndani ya nyufa za mawe, alitambulishwa kwa wanasayansi na kupewa jina la Tornier. Alipatikana Busisi. Msafiri wa Bukoba anayekwenda Mwanza anapajua Busisi kwa kivuko alichokisubiri miaka mingi, na sasa kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2025. Kobe wa pale alikuja kuwa mmoja wa wanyama wa Tanzania waliotafutwa sana na wafugaji wa nje.

Baada ya Wajerumani alikuja Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefika Nairobi mwaka 1914 kusimamia makumbusho, akapigana katika vita ya kwanza huku akiweka mijusi kwenye chupa za spiriti. Baadaye alikuwa ofisa wa wanyamapori Tanganyika, kisha mwaka 1924 akaenda Chuo Kikuu cha Harvard na kurudi mara kadhaa kwa safari za ukusanyaji.

Soko la wakati huo lilikuwa na breki yake yenyewe. Makumbusho yalitaka vielelezo vichache vya kila aina, na rafu ikijaa hakuna anayeagiza zaidi. Malipo yalikuwa ujira wa mpagazi au sarafu aliyopewa mtoto aliyeleta mjusi kambini. Kwa wanyama wenyewe madhara yalikuwa madogo.

1933–1968: Bwana Nyoka wa Liwale na Newala

Aliyeanza kumuuza nyoka wa Tanganyika akiwa hai kwa wingi, kwa wateja wa mabara mbalimbali, alikuwa C. J. P. Ionides. Alizaliwa Uingereza mwaka 1901, akaja na jeshi, akawinda tembo kinyume cha sheria, kisha mwaka 1933 akaajiriwa na idara ya wanyamapori aliyokuwa akiikwepa. Akiwa Liwale aliisimamia na kuipanua hifadhi ya Selous. Nyoka ndio waliomteka moyo baadaye, na alipostaafu miaka ya 1950 alihamia Newala, kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako koboko wa kijani walijaa katika miembe na mikorosho.

Watu walimwita Bwana Nyoka. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: mwanakijiji akimwona nyoka asimuue, bali amwache mwenzake akimlinda kwa macho, naye akimbie kutoa taarifa na alipwe. Ionides alikuja na fimbo ndefu yenye kibanio, akapanda mtini, akamshika koboko shingoni na kumtia mfukoni. Aliumwa mara nyingi, na vidole vyake viliharibika. Nyoka walisafirishwa kwa masanduku kwenda bustani za wanyama na maabara za sumu Ulaya, Marekani na Afrika Kusini.

Hapa ndipo bei ya kwanza ya kweli ilipowekwa, na iliwekwa kwa kazi mbili tofauti. Mwanakijiji aliuza taarifa na ulinzi wake wa saa moja au mbili chini ya mti. Ionides aliuza uwezo wa kumshika nyoka bila kumjeruhi na kumfikisha mbali akiwa hai. Bustani ya wanyama ililipia hilo la pili. Nampa heshima Ionides kwa jambo moja: katika mpango wake mtu wa kijijini aliona faida ya kumwacha nyoka hai, na kule Newala, ambako koboko huua wakulima wakichuma korosho, hilo halikuwa jambo dogo. Alifariki Nairobi mwaka 1968, akazikwa juu ya kilima cha Nandanga ndani ya Selous.

Nairobi ilikwishafungua bustani yake ya nyoka mwaka 1961. Watalii walilipa kiingilio kuwatazama.

1973–1992: sheria na makreti

Mwaka 1973 mataifa yalikubaliana mjini Washington juu ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Tanzania, ambayo mwaka 1974 ilitunga sheria yake ya kuhifadhi wanyamapori, iliingia katika mkataba huo mwaka 1979. Chatu wote waliwekwa chini ya udhibiti, wengi wao katika Kiambatisho cha Pili, maana yake wanauzika nje lakini kwa kibali.

Kibali kilikusudiwa kuzuia, ila katika mikono ya wafanyabiashara kikawa pia muhuri wa uhalali. Katika miaka ya 1980, uchumi ulipolegezwa na nchi ikatafuta fedha za kigeni kwa kila njia, Tanzania ilikuja kuwa miongoni mwa wasafirishaji wakubwa wa ndege hai duniani, na vitambaazi vikafuata mkondo huohuo: vinyonga wa Usambara na Uluguru, kobe bapa wa nyanda kavu, nyoka wa miti wenye magamba yaliyosimama. Mnyama alitoka kwa mkusanyaji wa kijijini kwenda kwa wakala, kutoka kwa wakala kwenda zizi la Arusha au Dar es Salaam, kutoka hapo uwanja wa ndege. Kila mkono uliompokea uliongeza bei. Wengi walikufa njiani, na hasara yake ilifidiwa kwa kuagiza wengi zaidi, kwa kuwa kule msituni walipatikana kwa bei ya kutupa.

Afrika Magharibi ilifanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Ghana, Togo na Benin zilikuwa na chatu mdogo, mpole, anayejikunja kama mpira anapoogopa. Anajulikana kama chatu wa kifalme, na masafa yake yanafika hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Tangu 1975 zaidi ya milioni 3 kati ya hao wamesafirishwa nje ya Afrika Magharibi kihalali. Katika maduka ya Marekani alikuwa mnyama wa bei rahisi, wa makumi ya dola. Mtu alimnunua, nyoka akagoma kula, akafa, na mwingine akanunuliwa.

1992–2008: jeni inapouzwa

Katika maelfu ya chatu waliokuwa wakishushwa kwenye viwanja vya ndege, mara mojamoja alitokea mmoja asiye na rangi nyeusi. Huyo ndiye aliyemfaa Bob Clark.

Kumnunua albino mmoja hakukutosha. Jeni ya ualbino ni fiche: mnyama lazima aipokee kutoka kwa baba na kwa mama ndipo ionekane. Clark alipompandisha albino wake kwa chatu wa kawaida, watoto wote walitoka wa kawaida, kahawia na weusi, ila kila mmoja alibeba jeni ile ndani. Jike la chatu huyu huchukua takribani miaka mitatu kukomaa, hutaga mayai sita hivi, nayo huanguliwa baada ya miezi miwili. Kwa hiyo mfugaji anasubiri miaka mitatu, anampandisha binti kwa baba yake, na hapo nusu ya watoto kwa wastani hutoka weupe. Ukiwapandisha wabebaji wawili, unapata mmoja kati ya wanne.

Basi zile dola 7,500 zililipia miaka ya kusubiri na hakika kwamba sura ile inarithiwa. Mnunuzi naye hakununua pambo. Alinunua mtambo wa kutengeneza albino wengine. Hata wabebaji, ambao kwa macho hawana tofauti na nyoka wa dukani, waliuzwa kwa bei kubwa kwa kuaminiana tu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuiona jeni.

Mwaka 1997 Peter Kahl alithibitisha kwamba sura ya madoa makubwa meupe nayo inarithiwa, na bei zikavuka dola 10,000. Mwaka 1999 Kevin McCurley alianza kuuzalisha ukoo ulioitwa buibui kwa ajili ya utando wa mistari mwilini. Ukoo huu ulileta hesabu mpya, kwa sababu jeni yake ni tawala: mzazi mmoja mwenye nayo anatosha, na nusu ya watoto huionyesha katika kizazi cha kwanza. Wafugaji wakaanza kuunganisha jeni mbili, tatu, nne katika yai moja, kila muungano na jina lake, kila jina na bei yake. Nyumba zikajaa rafu za droo za plastiki, droo moja nyoka mmoja, na maonyesho ya vitambaazi katika miji ya Marekani yakawa kama minada.

Mtu wa Bukoba anaweza kuielewa biashara hii kwa haraka kuliko msomi wa uchumi, kwa sababu aliiona vanila. Kimbunga kiliipiga Madagaska mwaka 2000, bei ya vanila ikapanda hadi takribani dola 500 kwa kilo ilipofika 2003, na watu wa Kagera wakapanda. Mmea huchukua miaka mitatu kuzaa vizuri. Kila mpandaji alipiga hesabu kwa bei ya leo, na wote wakavuna kesho kwa pamoja. Mwaka 2005 kilo haikufika hata dola 50. Kwa chatu ilikuwa vilevile, hadi kwenye ile miaka mitatu ya kusubiri: kila aliyenunua jozi kwa bei ya juu alikuwa anaandaa mzigo utakaoishusha.

Bei hazikuanguka kwa mwendo mmoja, na hapa ndipo jeni ilipoamua. Sura za jeni tawala zilianguka upesi, kwa sababu kila dume mmoja, anayekomaa kabla ya jike na kuweza kupanda majike kadhaa kwa msimu, alizisambaza mara moja. Sura za jeni fiche zilishuka polepole, ngazi kwa ngazi, kadiri wabebaji walivyokomaa katika droo za watu. Madume yalishuka kwanza, majike yakashikilia bei kwa miaka kadhaa zaidi. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 uliwakuta wengi wamekopa kununua nyoka, nao wakauza kwa bei yoyote. Kilele kilikuwa kimekwisha.

Kati ya yote hayo kuna jambo linalonikera. Ukoo wa buibui ulikuja na kasoro ya mishipa ya fahamu: nyoka hutikisa kichwa, hupinduka, hushindwa kulenga windo. Wafugaji waliiona mapema, wakaendelea kuzalisha kwa kuwa sura iliuzika. Miaka karibu ishirini ilipita ndipo chama cha International Herpetological Society cha Uingereza kilipokataza ukoo huo kuuzwa katika maonyesho yake, na kufikia wakati huo bei yake ilikuwa ndogo na katazo halikumgharimu mtu kitu.

2004–2009: mikadi ya Kimboza

Wakati bei ya chatu ikipungua, wateja walihamia kwenye wanyama wapya, na mmoja wao alikuwa wetu. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, msitu usiofika kilomita za mraba 5, huishi mjusi mdogo ambaye dume lake lina rangi ya buluu kali. Loveridge ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1952. Kwa zaidi ya miaka hamsini alikaa kwenye vitabu tu. Mara picha zake zikawafikia wafugaji wa Ulaya.

Mjusi huyu huishi katikati ya majani ya mkadi, na njia nyepesi ya kumpata ni kuuangusha mti wenyewe. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilichukua mijusi kati ya 32,310 na 42,610, yaani asilimia 15 hivi ya wote waliokuwepo. Kwa kuwa hakuwa katika orodha ya CITES, hakuna aliyehitaji kibali cha mkataba huo. Mwaka 2012 alitangazwa kuwa hatarini mno kutoweka, na mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, aliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza, kinachofunga biashara ya waliotoka porini.

Ulaya waligundua kwamba anazaliana vizuri kwenye vioo. Bei yake ikashuka kama ya chatu, lakini baada ya mikadi kukatwa. Laiti kuzalisha kungetangulia kukusanya.

2011: nyoka aliyefichwa

Kulikuwa na watu waliofikiri hivyohivyo, na walifanya kazi Tanzania. Desemba 2011 Michele Menegon, Tim Davenport na Kim Howell walitangaza nyoka mpya kutoka misitu ya kusini mwa nchi: mweusi na njano, urefu wa sentimita 60 hivi, mwenye magamba yaliyochomoza kama pembe juu ya macho. Davenport, aliyekuwa mkurugenzi wa shirika la WCS nchini, alimpa jina la binti yake, Matilda.

Nyoka wa pembe na rangi za namna hiyo ni ndoto ya mfugaji, na watafiti walijua kitakachotokea. Hawakutaja msitu alikotoka. Tena wakachukua wachache na kuanza kuwazalisha, kwa nia ya kuwatoa watoto kwa wafugaji na taasisi, ili anayemtaka ampate bila kumtuma mtu msituni. Kwa maneno mengine, walikusudia kuivunja bei kabla haijazaliwa.

Katika historia hii yote sioni hatua yenye akili kuliko hiyo. Clark aliuza uchache. Hawa waliushambulia uchache wenyewe. Ni kweli kwamba njia yao haijibu swali la msitu, ambao hata wakati huo ulikuwa ukikatwa kwa mbao na mkaa, wala haimpi chochote mwanakijiji anayeishi kando yake. Lakini ilionyesha kwamba bei ya nyoka inaweza kushughulikiwa kwa makusudi, kabla ya madhara.

Kenya nayo ilipigania wake. Katika mkutano uleule wa 2016 ilifanikiwa kuwaingiza katika Kiambatisho cha Pili nyoka wawili wanaopatikana Kenya peke yake, mmoja wa Mlima Kenya na jirani zake, mwingine wa Bonde la Ufa, wote wakitafutwa na wafugaji wa ng'ambo.

2010–2022: mlango unafungwa, unafunguliwa, unafungwa

Novemba 2010 wanyamapori zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga, walisafirishwa kwa ndege ya kijeshi kutoka uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Nchi nzima iliwazungumzia twiga wale. Mwaka uliofuata serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai, na mwaka 2016, baada ya tumbili 61 kukamatwa katika uwanja uleule, Waziri Jumanne Maghembe alitangaza katazo la miaka mitatu. Miaka hiyo ilipita na mlango ukabaki umefungwa. Mwaka 2019 kobe wa Busisi naye aliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza.

Marekani ilikuwa na katazo lake. Chatu wa Burma waliotupwa na wenyewe, au waliotoroka, walikuwa wamejaa katika mabwawa ya Florida, na mwaka 2012 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku kuwaingiza nchini chatu kadhaa wakubwa. Katika orodha hiyo alikuwemo chatu mkubwa wa Afrika, aina ileile ya wale wanaolala kwenye mafunjo ya ufuko wetu wa Kagera na kumeza mbuzi wa watu.

Kwa Tanzania katazo liliwakuta wafanyabiashara wenye leseni wakiwa na wanyama mazizini. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wangepewa miezi sita kuwasafirisha waliobaki. Malalamiko yalikuwa makubwa, na ndani ya siku chache Waziri Pindi Chana alisitisha ruhusa hiyo. Nililipokea katazo kwa moyo mweupe. Hata hivyo, katika mjadala wote ule sikusikia mtu akiuliza mkusanyaji wa Kimboza au wa Usambara alikuwa akilipwa kiasi gani, wala anaishi vipi sasa.

Tangu 2020

Ugonjwa wa korona uliwafungia watu nyumbani, na nyumbani walitaka wanyama. Mwaka 2020 na 2021 bei za chatu wa kifalme zilipanda tena Marekani na Ulaya, wafugaji wapya wakaingia, droo zikaongezwa. Kuanzia 2022 watoto wa droo hizo walifika sokoni wakati chakula, umeme na kodi ya nyumba vimepanda, na bei zikaanguka kwa kishindo. Albino wa leo hupatikana kwa dola mia moja au mia mbili. Kahawa ilikwenda kinyume: mwaka 2024 tani ya robusta ilivuka dola 5,000 katika soko la London. Kwa bei ya mwaka huo, chatu yule wa tani nane akawa wa kilo thelathini hivi, na kilo hizo mkulima mmoja wa Rubafu anaweza kuzipata kutoka mibuni ya nyuma ya nyumba yake.

Anguko hili halijawaondoa wakusanyaji wa Afrika Magharibi kazini. Huko Togo, Benin na Ghana bado huchimba mashimo kutafuta majike yenye mimba, mayai huanguliwa katika mashamba na watoto husafirishwa. Sasa wanashindana na nyoka waliozaliwa Oklahoma na Ujerumani ambao ni wazuri zaidi na bei yao inakaribiana. Bei ikishuka, aliye mwisho wa mnyororo hulazimika kuchimba mashimo mengi zaidi ili apate pesa ileile.

Kagera haijafika huko, na inaweza kujipanga kabla. Wilayani Missenyi kuna Minziro, hifadhi ya mazingira asilia ya karibu hekta 25,000 inayoungana na misitu ya Sango Bay nchini Uganda. Ni kipande cha misitu ya Kongo kilichoingia Tanzania, na kina nyoka, ndege na vipepeo ambao kwingine nchini hawapo. Wapenda ndege wanakuja tayari. Kwa msitu wa aina hiyo, bei mpya inahitaji picha moja nzuri tu ya nyoka mmoja wa rangi adimu.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu ufugaji kwa kibali, na mamlaka ya TAWA ndiyo inayosimamia. Siku mlango utakapofunguliwa tena, naona yafaa mambo mawili yaandikwe katika masharti ya kibali chenyewe. La kwanza, aina yoyote inayotakiwa nje ianze kuzalishwa hapa nchini, na anayeomba athibitishe kizazi cha pili kilichozaliwa zizini kabla ya kusafirisha hata mmoja. La pili, kijiji kilicho kando ya msitu alikotoka jozi ya kwanza kiwe na hisa katika kila mtoto atakayeuzwa, tangu mwaka ule wa kwanza ambao bei iko juu, kwa sababu mwaka wa nne hisa hiyo haitakuwa na thamani.